Hamamu za Kidichi na Kizimbani: Malazi ya Kilimani

Unguja si nchi ya milima. Lakini mtu atokaye Bububu, akaipa pwani mgongo na kukwea kuelekea Kidichi na Kizimbani baina ya mikarafuu, mifenesi na migomba, huikuta hewa imelainika, na hapo hufahamu kwa nini Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, mwenye majumba Mjini na Mtoni, aliona vema awe na mahali pa kulala huku juu.

Hamamu ya Kidichi, yaani nyumba ya kuogea, ilijengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Binti Irich Mirza, ajulikanaye pia kwa jina la Shahrazad, mjukuu wa Shah Fath Ali wa Uajemi. Bibi huyu alipenda mno farasi na mawindo, na baada ya kuzunguka mashamba, yeye na Sayyid walikuwa wakifikia hapa, wakaoga, wakakandwa, wakapumzika katika nyumba iliyokuwa ubavuni mwa hamamu. Ndani mna chumba cha kuvulia nguo chenye mabaraza ya mawe, kisha birika chini ya kuba. Na kubani mna matundu madogo ya duara yaliyokuwa na vioo, ambayo jua likipiga huimwagia lipu nyeupe nuru ya rangi namna kwa namna. Lipu hiyo ndiyo fahari ya Kidichi: imechongwa maua, mitende na ndege, na tausi wamo, jambo la nadra katika milki ya Waibadhi, watu wa madhehebu ya Sayyid, waliopenda ukuta usio na pambo. Naona mimi kwamba mume aliyeridhia nakshi hizo alitambua upweke wa mkewe ugenini, akataka apate walau chumba kimoja cha kwao.

Ama hamamu ya Kizimbani haina nakshi. Sifa yake ni shamba. Hapo ndipo mfanyabiashara Saleh bin Haramil alipopanda mikarafuu, mwanzoni mwa karne ya 19, kwa miche iliyotoka visiwa vya Wafaransa, kabla shamba halijaingia katika milki ya Sayyid, aliyeamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Watumwa ndio waliochuma karafuu hizo, na raha yote ya kilimani ilisimama juu ya jasho lao. Asiyewataja amewadhulumu mara ya pili.

Sayyid alifariki baharini mwaka 1856. Bintiye Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alikaa kwa muda katika shamba lake la Kizimbani baada ya fitina ya ndugu zake waliogombea utawala mwaka 1859, na habari hizo amezieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Tufani ya mwaka 1872 iliteketeza mikarafuu mingi ya Unguja. Leo nyumba ya kulala ya Kidichi imetoweka. Hamamu ingalipo, na ukungu unazila nakshi. Zinamngoja fundi ajuaye chokaa, kwani saruji huufungia unyevu ndani ya ukuta wa mawe, na lipu ya kale ikabanduka.