Masta ya HR mtandaoni: Mambo ya kuhakikisha kabla hujalipa ada

Matangazo yanapita kila siku kwenye simu: soma MBA ya rasilimali watu ukiwa kazini, hakuna kusafiri, ada kwa awamu. Kwa afisa utumishi mwenye digrii moja, mshahara uliosimama na nafasi za umeneja zinazodai "masta", tangazo kama hilo ni gumu kulipita.

Kusoma mtandaoni siyo ishu tena. Vyuo vikuu vyenye heshima vinafundisha hivyo. Ishu ni kwamba wengi huuliza maswali muhimu wakiwa wameshalipa: Je, cheti kitatambulika hapa nyumbani? Kitaandikwa nini? Na sheria ya kazi niliyofundishwa ni ya nchi gani?

Haya ndiyo ya kujua mapema.

Kwa ufupi

- Hakikisha chuo na programu vinatambulika kabla ya kulipa hata ada ya usajili.
- MBA ya HR na masta ya HR ni vitu viwili tofauti.
- Masta ya Uingereza huhesabiwa kuwa masaa 1,800 ya kazi ya mwanafunzi.
- Sheria ya kazi ya Marekani haitakusaidia mbele ya CMA.
- Kenya, masta peke yake haikupi ruhusa ya kufanya kazi ya HR kitaalamu.

MBA ya HR ni kitu gani hasa?

MBA ni shahada ya uzamili ya uongozi wa biashara. Harvard ilianza kuitoa mwaka 1908. Mwanafunzi husoma fedha, uhasibu, masoko, uchumi, uendeshaji na mikakati. Anayechagua mkondo wa rasilimali watu huongeza masomo machache ya eneo hilo: ajira na usaili, mishahara na marupurupu, upimaji wa utendaji, mahusiano kazini na matumizi ya takwimu za wafanyakazi.

Masta ya HR yenyewe, iwe MSc, MA au MHRM, inageuza uwiano huo. Sehemu kubwa ni HR, na fedha na masoko yanaguswa kidogo au hayaguswi kabisa.

Ipi bora? Inategemea unakokwenda. Anayetaka kubobea kwenye migogoro ya kazi, mishahara au mafunzo anafaidika zaidi na masta ya HR. Anayetaka siku moja kukaa meza moja na mkurugenzi wa fedha, na kumweleza kwa namba kwa nini kupunguza watu 20 kutaigharimu kampuni, anahitaji MBA.

Wazo kwamba HR lazima ielewe biashara lilipata nguvu mwaka 1997, pale Dave Ulrich wa University of Michigan alipotoa kitabu cha Human Resource Champions. Alisema HR isibaki kuwa ofisi ya mafaili na likizo, bali iwe mshirika wa kupanga mikakati. Cheo cha "HR business partner" unachokiona kwenye matangazo ya kazi ya benki na kampuni za simu kina mizizi huko.

Swali la kwanza: nani anakitambua chuo?

Tanzania, mwenye neno la mwisho kwenye shahada za vyuo vikuu ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kwa vyuo vya ndani, angalia vitu viwili: chuo kiwe na ithibati, na programu yenyewe iwe imeidhinishwa. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa lakini kikatangaza kozi ambayo bado haijapitishwa.

Kwa vyuo vya nje, mhitimu hupeleka cheti chake TCU kifanyiwe uhakiki na kutambuliwa. Matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira huwa yanasema wazi: waliosoma nje wahakikishe vyeti vyao vimehakikiwa na mamlaka husika. Usipokuwa na uhakiki huo, ombi lako linaweza kuishia kwenye mchujo wa kwanza, hata kama ulipata alama za juu.

Kenya kuna CUE inayosimamia elimu ya vyuo vikuu, na KNQA inayosimamia mfumo wa taifa wa sifa za kitaaluma. Uganda ni NCHE. Waandikie kabla hujajiunga, taja jina kamili la chuo, nchi, programu na kwamba masomo ni ya mtandaoni. Jibu la maandishi litunze.

Usikubali maneno ya wakala. Vyuo vingi vya nje hutumia kampuni za kati kusajili wanafunzi Afrika. Hilo si kosa, lakini jina linalohesabika ni la chuo kitakachosaini cheti, siyo la kampuni iliyokupigia simu.

AACSB, AMBA, EQUIS ni nini?

Hizi ni ithibati za kimataifa za shule za biashara. AACSB ilianza Marekani mwaka 1916, AMBA ilianza Uingereza mwaka 1967, na EQUIS hutolewa na taasisi ya Ulaya iitwayo EFMD. Shule yenye zote tatu huitwa yenye "taji tatu".

Ni dalili nzuri ya ubora, lakini hazichukui nafasi ya TCU wala CUE. Na kukosekana kwake hakumaanishi chuo ni feki, maana vyuo vingi halali havina hata moja.

Vyeti feki: kisa cha Axact

Mei 2015, gazeti la New York Times liliripoti kuhusu Axact, kampuni ya Karachi, Pakistan, iliyokuwa nyuma ya mamia ya tovuti za vyuo visivyokuwepo. Tovuti zilikuwa na picha za wanafunzi wenye furaha na "maprofesa". Ziliundwa hata taasisi bandia za ithibati ili mteja akikagua, apate jibu zuri.

Januari 2018, BBC iliripoti kuwa zaidi ya vyeti feki 3,000 vya mtandao huo viliuzwa kwa wanunuzi wa Uingereza mwaka 2013 na 2014 pekee.

Funzo ni hili: usikague ithibati kwa kubofya kiungo kilicho kwenye tovuti ya chuo chenyewe. Fungua tovuti ya serikali ya nchi husika mwenyewe, tafuta jina la chuo humo. Na ukiambiwa utapewa masta kwa "uzoefu wako wa kazi" ndani ya wiki chache, bila mtihani, funga ukurasa huo fasta.

Kwa mtu wa HR, hatari ni mara mbili. Yeye ndiye anayekagua vyeti vya wenzake. Tanzania haijasahau Aprili 2017, pale watumishi wa umma 9,932 walipotajwa kuwa na vyeti vya kughushi na kuondolewa kazini. Uhakiki ule ulihusu vyeti vya sekondari na ualimu, siyo masta, lakini ulionyesha kwamba cheti kinaweza kuulizwa hata baada ya miaka mingi ya utumishi.

Umesoma sheria ya kazi ya nchi gani?

Hapa ndipo wengi hawatazami. Fedha ni fedha popote: mizania ya Nairobi inasomeka London. HR haiko hivyo, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yake ni sheria, na sheria haivuki mpaka.

Mfano, vitabu vingi vya HR vinatoka Marekani. Huko, isipokuwa jimbo la Montana, kanuni ya kawaida ni kwamba mwajiri anaweza kumwachisha mtu kazi bila kutoa sababu, mradi tu asivunje sheria nyingine kama za ubaguzi au mkataba.

Fanya hivyo Dar es Salaam uone. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Mfanyakazi anayeona ameonewa ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake wa kuachishwa kazi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Hata kama mfanyakazi alikosa kweli, kampuni inaweza kushindwa kwa sababu tu HR aliruka hatua: hakutoa tuhuma kwa maandishi, au hakumpa mtu nafasi ya kujitetea.

Chukua na likizo ya uzazi. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1993 inampa mfanyakazi wiki 12, bila malipo, na kwa kampuni binafsi inahusu zile zenye watu 50 na zaidi. Tanzania ni siku 84, yaani wiki hizo hizo 12, lakini kwa malipo. Kenya ni miezi mitatu kwa mshahara kamili. Urefu unakaribiana, gharama kwa mwajiri haifanani hata kidogo.

Haina maana kozi ya nje haifai. Maana yake ni kwamba lazima ujue pengo liko wapi. Uliza chuo: je, somo la mahusiano kazini linaruhusu kazi za darasani na tasnifu juu ya sheria ya nchi yangu? Kama jibu ni ndiyo, utamaliza ukiwa umeandika juu ya CMA badala ya mahakama za Ohio. Kama ni hapana, panga kusoma sheria ya nyumbani pembeni.

Chuo cha ndani kina faida hapa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1992, kinafundisha kwa masafa na kina vituo mikoani. Cheti chake hakihitaji kupitia mlango wa vyeti vya nje.

Masaa 1,800 yatatoka wapi?

Masta ya Uingereza kwa kawaida ni krediti 180, na kila krediti huhesabiwa kuwa masaa 10 ya kazi: kusoma, kuandika, mijadala na mitihani. Jumla ni masaa 1,800.

Ukiweza masaa 15 kwa wiki bila kukosa, ni wiki 120. Hiyo ni zaidi ya miaka miwili, na hapo hujahesabu msiba, mtoto kuumwa wala mwisho wa mwezi ambapo HR halali kwa sababu ya mishahara. Ukiahidiwa miezi 12 huku unafanya kazi kutwa, piga hesabu tena.

Angalia pia vipindi vya moja kwa moja. Darasa la saa 1 usiku Chicago, wakati wa majira yao ya baridi, ni saa 10 alfajiri Afrika Mashariki. London ni afadhali: tofauti ni masaa mawili au matatu. Uliza kama vipindi vinarekodiwa, na kama kuhudhuria kuna alama.

Ada inayoonekana na isiyoonekana

Ada ya dola haikai sehemu moja. Ukiwa na deni la dola 6,000, dola ikipanda kwa shilingi 200 za Tanzania, umeongezewa shilingi 1,200,000 bila kusoma hata ukurasa mmoja zaidi. Anayelipa kwa awamu kwa miaka miwili anabeba hatari hiyo muda wote.

Kisha kuna vinavyojificha:

- ada ya maombi na usajili;
- kurudia somo au mtihani;
- mahafali na kutumiwa cheti;
- gharama ya uhakiki wa cheti nyumbani;
- bando, na chanzo cha umeme mbadala siku ya mtihani.

Hilo la mwisho si dogo. Mitihani mingi ya mtandaoni inasimamiwa kwa kamera: unaonyesha kitambulisho, unazungusha kamera chumbani, na hutakiwi kuondoka. Simu pekee haitoshi, unahitaji kompyuta yenye kamera. Uliza umeme ukikatika katikati ya mtihani itakuwaje, na jibu hilo liwe la maandishi.

Kenya: masta siyo leseni

Kenya ina Sheria ya Wataalamu wa Usimamizi wa Rasilimali Watu ya mwaka 2012. Anayefanya kazi hiyo kitaalamu anatakiwa kusajiliwa na taasisi ya IHRM na kuwa na cheti cha kufanya kazi kinachohuishwa kila mwaka. Kuna pia mitihani ya kitaaluma ya CHRP. Mwenye MBA kutoka popote bado anapita mlango huo.

Kwa kampuni za kimataifa, majina yanayotajwa sana ni CIPD ya Uingereza na SHRM ya Marekani. MBA yenyewe haikupi vyeti hivyo. Baadhi ya masta za HR za Uingereza zimeidhinishwa na CIPD, lakini ni kwa programu moja moja, siyo kwa chuo kizima.

Maswali 7 ya kutuma chuoni leo

1. Jina gani la chuo litaandikwa kwenye cheti?
2. Je, mkondo wa HR utaonekana kwenye cheti, au kwenye matokeo tu?
3. Nani amewapa ithibati, na namba au kumbukumbu yake ni ipi?
4. Kuna masomo mangapi ya HR, na mangapi ni ya lazima?
5. Naweza kuandika tasnifu kuhusu sheria ya kazi ya nchi yangu?
6. Jumla ya gharama zote hadi cheti kinifikie mkononi ni kiasi gani?
7. Nikisimama kwa muhula mmoja, nalipa nini na alama zangu zinabaki?

Swali la pili linasahaulika sana. Vyuo vingi huandika "MBA" tu kwenye cheti, na neno rasilimali watu linabaki kwenye karatasi ya matokeo. Tangazo la kazi likidai masta ya HR, karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea. Ipakie pamoja na cheti.

Chuo halali hujibu maswali yote saba bila kukasirika. Kinachokwepa, kinachokuharakisha na "punguzo linaisha leo", au kinachotaka ulipe kwenye akaunti ya mtu binafsi, kimeshakupa jibu lake.