Bashi la kilo 4: historia ya paa la mkimbizi

Katika kambi zetu za Kivu nyumba ni fito na bashi. Wengi wanaliona kuwa plastiki tu. Lakini uzito wake una historia, nao ndio unaoamua kama paa litamaliza majira ya mvua.

Zamani mkimbizi alipewa hema la turubai la pamba. Mita moja ya mraba ilipita gramu 300, na hema zima la jamaa liliweza kufikia kilo 50. Lilikuwa na nguvu, lakini likilowa lilizidi uzito, na likikunjwa na maji yake lilioza.

Plastiki ya polietilini iligunduliwa Uingereza mwaka wa 1933. Baadaye viwanda vikaanza kuikata nyuzi bapa, kuzifuma kama mkeka, kisha kuupaka plastiki pande zote mbili. Ndilo bashi.

Mwezi wa 7, 1994, Wanyarwanda karibu milioni moja walivuka mpaka kuingia Goma kwa siku chache tu. Kibumba, Katale na Mugunga zikajaa watu. Mahema ya kuwatosha wote hayangefika upesi. Mabashi yakagawanywa, na fito za kuyashikilia zikakatwa katika mbuga ya Virunga.

Mashirika ya misaada yakazoea bashi la karibu gramu 200 kwa mita ya mraba. Lenye mita 4 kwa 5 lina kilo 4 hivi. Kwa nini si jepesi zaidi? Watembeaji wa milimani huko Marekani hubeba nailoni isiyofika gramu 60. Wao hulala siku chache, asubuhi wanakunja. Bashi letu linakaa mwaka mzima juani, linapigwa na upepo na kukwaruzwa na mawe ya volkeno. Na kwa nini si zito zaidi? Kwa sababu vita vikirudi, mama mwenye mtoto mgongoni ndiye atakayelibeba.

Kwa hiyo tulitunze. Nyuzi nyeusi za ndani huzuia jua, basi zikionekana wazi, ujue mpako umekwisha. Tusipige misumari, tufunge kamba kwenye matundu yake. Ncha za fito tuzifunike kitambaa. Tena tulikaze vizuri, maana bashi linalopigapiga usiku kucha huchanika upesi.