Kuku wa nyumbani: mchwa, sombe na mabaki ya jikoni vinavyoongeza mayai

Jioni mama anarudi shambani, anatupa mkono mmoja wa mahindi mbele ya mlango, kuku wanakuja mbio, na kazi ya siku imekwisha. Mwezi unapita, mayai hayaonekani, na pale barazani utasikia: "Kuku yangu haizale tena mayai, inanona tu bule." Mara nyingi hakuna ulozi hapo. Mahindi yanaleta nguvu na mafuta, lakini protini yake ni kama sehemu 9 tu kati ya 100, na chokaa ya kujenga ganda karibu haimo. Kuku anayetaga anahitaji chakula chenye protini kama sehemu 16, na kifaranga 18 hadi 20.

Huko Buleusa, grupema ya Ikobo, eneo la Walikale, jambo hili si dogo. Mwaka wa 2016 mapigano yaliwafanya watu wengi wa sehemu ile wakimbie, na anayekimbia na watoto hawezi kubeba kuku kumi. Aliyerudi alianza upya, mara nyingi na kuku mmoja au wawili wa kuazima kwa ndugu. Kuku ndiye anauzwa siku mtoto anaugua usiku, au minervali inapodaiwa. Chakula cha kiwandani kinatoka mjini, na barabara yetu tunaijua: kikifika, bei yake inashinda ile ya kuku mwenyewe. Tena soja na mahindi ni chakula cha familia. Kwa hiyo tuanze na kile ambacho mtu hakili.

Mchwa ni wa kwanza. Chukua nyungu ya zamani au ndoo iliyopasuka. Jaza ndani majani makavu, magunzi ya mahindi na mavi makavu ya ng'ombe au ya mbuzi, nyunyizia maji mpaka vilowe bila kuchuruzika. Jioni ifunike, mdomo chini, juu ya njia ya mchwa au pembeni ya kichuguu, ukwangue udongo kidogo ili waingie. Weka majani juu yake jua lisiikaushe. Asubuhi mapema, kabla ya joto, igeuze na ukung'ute mbele ya kuku. Kwa vifaranga chagua wale wadogo weupe; mchwa askari wenye vichwa vikubwa wanauma. Ukikuta aina ambayo kuku wanaigusa na kuiacha, hamisha nyungu, usiwalazimishe. Kumbikumbi wa mvua, bila shaka, kwanza ni wa watu. Kuku watapata mabawa na wale walioponyoka.

Funza pia wanafaa, lakini hapa tuwe waangalifu. Changanya mavi ya kuku na pumba iliyolowa ndani ya chombo cha zamani, kiache wazi mchana mmoja nzi watage, kisha kifunike kwa majani. Kisimame mbali na nyumba, jikoni na kisima. Kwa joto la bonde, siku ya 3 au ya 4 funza wako tayari. Ukichelewa wanageuka nzi, na utakuwa umefuga nzi kwa ajili ya kijiji kizima. Waoshe, wamwagie maji ya moto, waanike kidogo, ndipo uwape kuku. Usitumie kamwe mzoga. Funza waliokulia ndani ya mnyama aliyekufa wanaweza kubeba sumu inayolegeza shingo na mabawa ya kuku mpaka anakufa, na hilo linatokea haraka. Kama harufu au majirani wanakushinda, acha njia hii. Mchwa wanatosha.

Majani tunayo kila siku. Sombe, majani ya mihogo, yakikauka yana protini nyingi kuliko mahindi mara mbili na zaidi. Lakini mabichi yana sumu ileile ya muhogo mchungu. Yatwange, yaanike siku 2 au 3 mpaka yakatike mkononi, yachekeche, uweke unga wake mahali pakavu. Kijiko kimoja ndani ya kila vijiko 20 vya chakula kinatosha, na utaona kiini cha yai kinakuwa cha njano nzuri. Lengalenga na matembele yanaweza kutolewa mabichi. Yafunge kifungu na uyaning'inize kwa kamba, urefu wa kichwa cha kuku. Wanadonoa bila kuyakanyaga.

Kuhusu soja, watu wengi wanakosea kwa nia njema. Soja mbichi inazuia tumbo la kuku kutumia protini, kwa hiyo unampa chakula kizuri na anakonda. Ikaange mpaka ibadili rangi na harufu, au ichemshe nusu saa na uianike, ndipo uisage. Maharagi nayo vilevile: usitoe mabichi, hata yale yaliyovunjika.

Mwenye kupata kidogo cha kila kitu anaweza kuchanganya kwa kopo moja: makopo 5 ya mahindi yaliyovunjwa, 2 na nusu ya soja iliyokaangwa, 1 na nusu ya pumba, nusu ya sambaza zilizokauka na kusagwa, na nusu ya unga wa sombe. Mchanganyiko huu uwe wa vifaranga kwanza. Wakubwa wanatembea na kujitafutia. Mkono mmoja kwa kila kuku jioni unawasaidia na unawafundisha kurudi nyumbani. Vifaranga ndio wanaokufa kwa njaa, kwa sababu mama yao na jogoo wanamaliza kila kitu mbele yao. Geuza kitunga chenye matundu ambayo kifaranga anapita na mkubwa hapiti, weka chakula na maji chini yake. Fanya hivyo wiki 6 za kwanza. Na kitunga kinawaficha kidogo na kipanga.

Ganda la yai lirudi kwa kuku. Lichome au likaange mpaka liwe jepesi kuvunjika, kisha lipondeponde kabisa. Likibaki na umbo lake, kuku anajifunza kula mayai yake, na tabia hiyo ni ngumu kuitoa. Makombe ya konokono na mifupa iliyochomwa mpaka ikawa myeupe nayo inafaa. Weka pembeni kwenye kigae, kila mmoja achukue kadiri anavyohitaji. Maji safi yasikose, kwani kuku anakunywa karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula.

Jikoni na kwenye pombe kuna mengine. Machicha ya kasiksi yatolewe siku ileile, yakilala yanaoza. Watu wa Masisi wana maji yanayobaki wakitengeneza fomaji: lowesha pumba nayo, kidogo. Maganda ya viazi vyao yachemshwe, na yale ya kijani yatupwe. Maganda ya muhogo mchungu yaanikwe sana. Ganda na kokwa la avoka visitolewe. Mboga yenye chumvi nyingi inaweza kuua vifaranga. Na mahindi yaliyoota ukungu, ambayo mtu anasema "haya ni ya kuku tu", yana sumu inayoharibu ini. Afadhali yaingie kwenye mbolea.

Msikilizaji atauliza: na kiharo cha kijani, shingo inayopinda, kuku wote kufa kwa wiki moja? Huo ni Newcastle, na hakuna chakula, pilipili wala majani yanayouponya. Kuna chanjo inayovumilia joto, iitwayo I-2, tone moja jichoni, inarudiwa kila miezi 3 au 4. Chupa moja ina matone ya kuku wengi na haiwekwi ikishafunguliwa. Kwa hiyo muulizeni veterineri wa sehemu yenu anapita lini, majirani mchange pesa pamoja, na kuku wa nyumba zote wachanjwe siku moja, asubuhi kabla hawajafunguliwa.