Kifuta machozi na stahiki ni vitu viwili

Kiingereza kina msemo "soften the blow", wenye maana ya kupunguza uchungu wa habari mbaya au hasara, ama kwa maneno ya upole ama kwa kitu anachopewa aliyeumia. Baadhi ya watafsiri huandika "kulainisha pigo", tafsiri isiyo na ladha ya Kiswahili. Sisi hupunguza makali au hutuliza machungu, na kinachotolewa kwa nia hiyo huitwa kifuta machozi. Timu iliyolazwa 4-1 hujivunia bao la kufutia machozi.

Nchini Tanzania maneno haya yameingia hata katika kanuni za wanyamapori za 2011. Mwenye shamba lililoharibiwa na ndovu hupewa kifuta jasho. Aliyejeruhiwa, au jamaa za aliyeuawa, hupewa kifuta machozi. Serikali husisitiza kwamba malipo hayo si fidia. Ni mkono wa pole, wala hayalingani na hasara.

Hapo ndipo mwandishi wa habari za majanichai kutoka Kericho na Bomet hana budi kuwa mwangalifu. Mwezi Mei 2023, waandamanaji huko Kericho waliteketeza mitambo ya kuchuma majanichai, wakilalamika kuwa imewanyima watu kazi. Kwa mujibu wa kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007, mfanyakazi ambaye nafasi yake imeondolewa hulipwa mshahara wa angalau siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza kazini. Aliyetumikia miaka 12 anadai siku 180. Kuyaita malipo hayo kifuta machozi ni kuigeuza haki kuwa hisani. Neno lifaalo ni stahiki.

Hali ni hiyo hiyo kwa bonasi ya wakulima wadogo wanaouza majani kupitia KTDA. Jina hilo hudokeza zawadi, ilhali ni malipo ya pili ya majani yaliyokwisha kupelekwa kiwandani, yanayotolewa baada ya mwaka wa fedha kumalizika Juni. Wakulima wa Kericho na Bomet walipoteta mwaka 2025 kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa, hawakuwa wakiomba kufutwa machozi. Walikuwa wakidai bei ya mazao yao.

Basi kabla ya kuutafsiri msemo huu, mwandishi na ajiulize: je, mpokeaji anaweza kukidai kitu hicho mahakamani? Akiweza, si kifuta machozi.