Jenerali Benjamin O. Davis Mdogo na Silaha ya Kimya

Benjamin Oliver Davis Mdogo, mzaliwa wa Washington mwaka 1912, aliingia chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1932. Kwa miaka minne wanafunzi wenzake weupe hawakumsemesha ila kwa shughuli za kazi. Alilala chumbani peke yake, akala bila kuzungumzishwa. Sisi tunaochunguza lugha tuitazame vema silaha hiyo: kumnyima mtu maneno ili aondoke mwenyewe. Hakuondoka.

Mwaka 1943, wakubwa walipotaka kikosi chake cha 99 cha marubani weusi kiondolewe vitani, alikitetea yeye mwenyewe mbele ya kamati, safari hii kwa maneno. Kikosi kilibaki. Tarehe 9 Juni 1944 aliongoza ndege zilizosindikiza ndege za mabomu kuelekea Munich, akatunukiwa nishani. Ujenerali aliupata mwaka 1954. Nyota ya nne, mwaka 1998, akiwa amekwisha kustaafu.