Damu ya Ndugu na Damu ya Mgeni

Wazee wetu husema kwamba damu ni nzito kuliko maji. Hapo kale, watu wawili wasiokuwa na ujamaa walipotaka kuwa ndugu, walichanjiana: kila mmoja alionja damu ya mwenziwe, na tangu siku hiyo wakahesabiwa kuwa wa tumbo moja. Kwa hiyo usishangae, msomaji, ukimsikia mgonjwa akisema, "Nitieni damu ya ndugu yangu tu, ya mgeni siitaki." Maneno hayo yana mapenzi, lakini hayana hakika. Wanadamu walihitaji zaidi ya miaka mia mbili kuijua sababu yake, na wagonjwa wengi walikufa kabla haijajulikana.

Huko Ufaransa, mwaka wa 1667, tabibu Jean-Baptiste Denis alimtia kijana wa miaka 15 damu ya mwanakondoo, na kijana akasalimika. Denis akapata moyo, akaendelea. Lakini mtu mwingine, aliyetiwa damu ya ndama, alifariki mwanzoni mwa mwaka wa 1668. Shauri likafika mahakamani, na baadaye kazi hiyo ikapigwa marufuku nchini humo.

Ikapita karne moja na nusu. Mjini London, James Blundell alisikitishwa sana na kina mama waliokufa kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua. Yeye alishika kwamba damu ya mnyama haimfai mtu, na tangu mwaka wa 1818 akawatia wagonjwa damu ya wanadamu wenzao. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, baadhi yao walipona na wengine wakafa. Damu ile ile ya binadamu iliokoa leo, ikaua kesho. Kwa nini?

Jibu lilipatikana Vienna, katika nchi ya Austria. Karl Landsteiner hakuanza na wagonjwa, bali na watu wenye afya. Alitoa damu yake mwenyewe na ya wenzake wa kazini, akatenga chembe nyekundu na maji ya damu, kisha akachanganya chembe za huyu na maji ya yule. Mara nyingine mchanganyiko ulitulia. Mara nyingine chembe zilishikamana zikawa madonge, mfano wa maziwa yaliyokatika. Mwaka wa 1901 alitangaza kwamba damu za watu ni za makundi matatu: A, B na C, ambalo leo twaliita O. Mwaka uliofuata Decastello na Sturli wakaonyesha la nne, yaani AB. Kwa kazi hiyo Landsteiner alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1930.

Fikiri hivi. Chembe za kundi A zina alama ya A, za kundi B zina alama ya B, za AB zina zote mbili, na za O hazina hata moja. Ndani ya maji ya damu mna kingamwili, ambazo ni kama askari wa mlangoni: huiacha alama ya mwenyeji na kuishambulia ya mgeni. Mtu wa kundi A akitiwa damu ya B, askari wake huzivamia chembe zile na kuzivunja, naye aweza kufa.

Sasa rudi kwa yule mgonjwa na ndugu yake. Mwaka wa 1910 Emil von Dungern na Ludwik Hirszfeld walionyesha kwamba makundi haya hurithiwa, na mwaka wa 1924 Felix Bernstein akaeleza kanuni yake. Mtoto hupokea jeni moja kwa baba na moja kwa mama. Jeni za A na B huonekana zote. Ile ya O hufichwa nazo. Baba wa kundi A na mama wa kundi B, kila mmoja akiwa amefichiwa O, waweza kuzaa watoto wa makundi yote manne. Basi wawili walionyonya ziwa moja huenda wasifae kupeana damu hata kidogo!

Na mgeni je? Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Hirszfeld na mkewe Hanna walipima damu za maelfu ya askari na raia wa mataifa mengi huko Thessaloniki, Ugiriki. Katika taarifa yao ya mwaka wa 1919 walisema kwamba A na B zilikuwamo katika kila taifa walilolipima. Kilichotofautiana ni idadi tu.

Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani mjini Nairobi na kuua zaidi ya watu mia mbili, wananchi walijitokeza kwa wingi kutoa damu. Mfuko wa damu huandikwa herufi ya kundi, hauandikwi kabila. Wewe nawe utakapotimiza umri wa kutoa damu, kumbuka kwamba anayeingoja huenda humjui kwa jina wala kwa ukoo, na pengine ndugu zake wote wamekwisha kupimwa wakakosa kumfaa.