Kabla Ucheke Shilingi ya Bongo

Mkenya akivuka Namanga mara ya kwanza, lazima aposti picha ameshika noti ya elfu kumi ya Tanzania: "Leo mimi ni tajiri!" Wasee, hiyo noti siku hizi ni kama mia tano yetu. Halafu kwa komenti tunaanza kuwacheka majirani eti pesa yao ni karatasi.

Swali ambalo hatuulizi ni hili: kama zote ni shilingi, mbona hazilingani?

Zililingana. Tena ilikuwa pesa moja. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa 1919, makao yake London, na 1921 ikaleta shilingi. Ishirini zilikuwa pauni moja ya Mwingereza. Hata hiyo "bob" unayosema kila siku ni jina la mtaani la shilingi ya Uingereza. Nairobi, Kampala, Dar, mfuko ule ule.

Mwaka 1966 kila nchi ikaanza kutoa noti zake, na bado ulibadilisha moja kwa moja. Kisha mambo yakachacha. Jumuiya ilivunjika 1977, Tanzania ikafunga mpaka wake na sisi. Ikaja vita na Idi Amin, 1978 hadi 1979, na mafuta yakapanda bei. Serikali ilishikilia bei rasmi ya dola huku mtaani ikiuzwa ghali zaidi. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, shilingi ikaachiliwa: dola ikatoka kama 17 hadi zaidi ya 50 mwaka huo huo.

Na yetu je? Mwaka 1966 dola ilikuwa shilingi 7 na senti kadhaa. Leo ni karibu 130. Sisi pia tulianguka, tofauti ni kwamba wao walianguka zaidi.

Tena wingi wa sufuri haupimi umaskini. Yeni moja ya Japani haifikii shilingi yetu moja, na sijaona mtu akicheka Tokyo. Uliza mshahara wa mtu unanunua unga kiasi gani, hapo ndipo utajua.

Nchi za Jumuiya zilitia saini 2013 kuwa na sarafu moja kufikia 2024. Tarehe imesukumwa hadi 2031. Kwa sasa, ukifika Namanga, toa sufuri moja, gawa kwa mbili, na uulize bei kwa watu wawili kabla utoe doo yako.